Chupa Nambari Kumi na Saba

Imefika na basi la usiku,
imeviringishwa gazeti la juzi,
ndani ya kasha la barafu iliyokwisha kuwa maji.
Lebo ni mwandiko wa Kadzo, herufi zimelala upande:
*Mlangoni pa Sabaki. Maji yakipwa. Alfajiri.
Rangi: chai ya mkandaa.*
Nauli ya mzigo, shilingi mia nne.

Natia tone juu ya kioo,
nafinya jicho la kushoto,
na Chiromo nzima, honi zake, kunguru wake,
jenereta la jirani,
inazama.

Usiviite vimelea. Havili cha mtu.
Ni vielea:
vinakula mwanga, vinatoa pumzi,
havina mwendo ila mwendo wa maji.
Daiatomu hii imejijengea nyumba ya kioo,
matundu yake yamepangwa kama ukili
wa msusi asiyekosea.
Nabonyeza kidude cha kuhesabia. Ta.
Nyingine, imevunjika. Ta.
Nasogeza kioo. Mraba mtupu.
Nasogeza. Mtupu.

Daftari la Bwana Okumbe bado lipo rafuni,
penseli, mwaka wa tisini na nne,
mlango uleule, mwezi uleule:
*Daiatomu, 412. Za buluu-kijani, 9.*
Na pembeni, kwa herufi ndogo:
*Leo ni wengi mno, nimekosa chakula cha mchana.*

Mimi leo nitakula mapema.
Daiatomu, thelathini na saba.
Hizo za buluu-kijani sikuzimaliza;
zimeshikana madonge
kama uji uliokosa mwiko.

Samaki hawajajua, Kadzo anasema kwenye simu,
wavuvi hawajajua,
mwenye hoteli ndiyo kwanza anapaka ukuta rangi.
Kielea kinajua kwa siku tatu
jambo ambalo samaki atalijua kwa msimu
na sisi kwa kamati.

Fomu ina visanduku vitatu:
*nzuri, wastani, mbaya.*
Dakta Nanyama anataka alama moja kabla ya saa kumi.
Nimeshika kalamu.
Ninachokiwaza hakina kisanduku.

Nawaza Jumanne ile niliyofua mapazia
pale Kariobangi, sabuni ya unga, vikombe viwili,
nikaongeza cha tatu kwa sababu ya moshi.
Povu likashika mtaro, mtaro ukashika mto,
likapita Dandora bila kuzuiwa na mtu,
likaukuta Athi, likaruka maporomoko kumi na manne,
likapita kwetu Ukambani, ambako mama huchota,
likabadilisha jina, Galana,
likabadilisha tena, Sabaki,
kama mtu anayekimbia deni.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Haya yamezoleka.
Mililita mia mbili na hamsini,
kifuniko chekundu,
yako mezani kwangu yananitazama.

Sisemi ni povu langu peke yake.
Kuna viwanda, kuna mabomba yasiyo na mwenyewe,
kuna mashamba yenye mbolea ya kupindukia,
na mimi si mtu wa kujipa umuhimu.
Lakini chupa haikuandikwa jina la kiwanda.
Imeandikwa: *Kwa Syombua, maabara.*

Nikatia alama. Sitasema wapi.
Saa kumi na robo Dakta akapita, akaipiga muhuri
bila kuisoma.

Jioni, mlangoni kwangu,
nimesimama na beseni la maji ya vyombo.
Mtaro uko hapo, hatua nne,
mdomo wazi kama siku zote.
Mtoto wa jirani ananipisha, anangoja nimwage.
Simwagi. Wala sijui nitayapeleka wapi.
Povu linapasuka, moja, moja,
na kidole gumba changu, kwa mazoea,
kinabonyeza ukingo wa beseni:
ta.
Ta.